Gereji Isiyotaka Feni

12 Februari

Mjomba Shoti,

Shikamoo huko juu ya nguzo. Naomba barua hii ikukute umeshuka kula, maana mtu anayesoma barua huku ameshika waya sitaki awe wa ukoo wangu. Huku hatujambo. Mimi bado niko dukani kwa vioo, nakata, nasugua kingo, jioni natoka nywele nyeupe kwa unga wa kioo, watoto wa mtaani wananiamkia shikamoo bibi. Kile chumba cha nyuma tunachosugulia wameziba dirisha, eti upepo unaangusha vioo. Jirani mwenye cherehani amejifungua mapacha, sasa ukimsalimia anakujibu kwa habari za usingizi. Mama hajambo. Anasema upunguze sigara.

Sasa hoja yangu. Nataka gereji yetu itengenezwe. Tangu itoke ile pikapu ya kijani ya mwalimu mstaafu, mama hajapaka rangi gari lingine, na gereji imekaa bure inanuka rangi ya zamani. Unaikumbuka ilivyo: taa moja inaning'inia katikati kwa waya wake wenyewe, tundu moja la umeme limeungua upande, na madirisha mawili mama aliyaziba kwa nailoni na tepu kabla sijaanza shule. Nimepima. Urefu mita sita na sentimita ishirini, upana mita tatu na nusu, kimo mita mbili na themanini. Unanijua, mimi sikisii.

Naomba unichoree mpango wa umeme, taa na hewa, Bwana Kesho aje afunge. Huyo ni fundi umeme wa mtaa wa nyuma, jina alipewa na wateja na kwa kweli analistahili. Nataka hivi. Taa zisimpige mtu machoni akiwa amelala chali, maana fundi akiwa chini ya gari hutaabika. Swichi moja iwe chini, usawa wa goti. Tundu moja liwe na waya wake peke yake, lisichangie na kitu chochote, na umeme wa mtaa ukikatika lenyewe lisikatike. Na hewa iingie na kutoka, ila taratibu, bila makelele.

Jumapili ukipanda kilimani kupiga simu, usimtajie mama. Nataka kumshtukiza. Ndiyo maana nimeandika, kwa sababu simu anailalia chini ya mto na masikio yake bado mazima.

Mpwa wako mkata vioo

*

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imesafiri kwenye lori pamoja na magunia ya vitunguu, imefika inanuka, nikaisoma machozi yakinitoka. Wenzangu wakauliza kuna msiba? Nikasema hapana, ni gereji.

Tuko salama. Baridi ya huku haina adabu, asubuhi tunagombania kukaa karibu na sufuria la mpishi. Nguzo zinakwenda, waya unakwenda, msimamizi anapiga kelele ili mshahara wake uwe halali. Wapongeze jirani na mapacha. Na huyo dada yangu mwambie nyani haoni kundule: aliyevuta rangi maisha yake yote hana ruhusa ya kuhesabu sigara zangu.

Mchoro nimeuweka ndani ya bahasha. Usimpe Bwana Kesho auweke mfukoni, mbandikie ukutani auone kila akipita. Nyaya zote zipite ndani ya bomba, asije akazipigilia misumari kwenye ukuta kama anatundika nguo. Taa usitundike hata moja darini. Nimechora nne za ukutani zinazotazama juu, mwanga upige dari kwanza ndipo ushuke, hapo hakuna jicho litakalolalamika. Lile tundu la peke yake nimelipa waya mnene, waya wa kwenda ardhini na breka yake kwenye ubao, na pembeni betri na inveta, ili mtaa mzima ukiwa gizani lenyewe liwe linafanya kazi. Breka yake iandikwe kwa rangi nyekundu USIGUSE.

Swichi ya gotini nimekuchorea. Upande gani hukusema, nimeiweka kulia, dada anatumia mkono wa kulia. Ninachosema ni kwamba mama yako ni fundi rangi, na mimi nimekulia katika gereji hiyo, na sijawahi kumwona chini ya gari la mtu. Lakini mwenye gereji ndiye mwenye usemi.

Kuhusu hewa, hapo utapigana naye peke yako. Unajua sheria yake. Feni inarusha vumbi, vumbi linakaa kwenye rangi mbichi, rangi inakauka na vipele, yeye huviita chunusi, na mlango wenye chunusi ni aibu ya fundi. Kwa hiyo akaziba madirisha, akaziba chini ya mlango kwa matambara, akawa anapaka humo ndani peke yake. Ni kweli milango yake ungeweza kujitazama ukachana nywele. Kumwambia aweke feni humo ni kumwambia apike juu ya kitanda.

Jumapili nilimpigia. Habari, nzuri, watoto wa jirani, wazuri, mtandao mbaya, akakata. Jumapili iliyotangulia pia mtandao ulikuwa mbaya. Mimi nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Anakula?

Mjomba wako

*

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mapacha wameanza kucheka, mama yao bado. Mimi nina kikohozi cha vumbi la kioo kisichotaka kuondoka. Tukianza wote wawili, mimi na mama, jirani anasema kwaya imefika. Bwana Kesho kaja. Ndiyo, kesho yake imefika. Alisimama mbele ya mchoro wako, akashika kidevu, akauliza huyu mjomba wako anajenga gereji au anajenga hoteli? Lakini kazi anaifanya vizuri, tena kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hajaenda "kuchukua kifaa kimoja tu" akapotea. Nyaya ziko ndani ya bomba, taa nne zimewaka, ukutani hakuna msumari uliopinda.

Umeuliza kama mama anakula. Anakula.

Mjomba, mimi nimeapishwa. Alinishika mkono akanitazama machoni, nikaapa. Alisema, "Safari ile ya msiba wa babu yako, Shoti aliacha kazi akaja, na kazi nayo ikamwacha. Alikaa hapa hana pa kwenda mpaka akauza viatu vyake. Safari hii amalize mkataba. Akimaliza atakuja mwenyewe." Nikaapa kwamba sitakuambia mama ana nini. Na sitakuambia.

Ila sikuapa kutokuambia kitanda kiko wapi. Kitanda kimeshuka kutoka chumba cha juu, kiko gereji, ukutani upande wa kulia, karibu na swichi ya gotini. Ngazi amezisamehe. Chumba cha juu anasema ni kama sanduku, gereji angalau mlango unafunguka barabarani na wateja wake wa zamani wakipita wanamwita, Mama Rangi, hujambo, naye anainua mkono. Pale kwenye tundu la peke yake pamechomekwa mashine ya kukodi. Sikuapa kuhusu mashine.

Sasa feni. Imenunuliwa, imo ndani ya boksi, imekaa kama mgeni asiyekaribishwa. Jua likipiga bati mchana, kuta zile zinatoa harufu ya rangi yote ya tangu zamani, unaisikia mpaka kooni. Nimemwambia, mama, humu hakuna gari tena, chunusi zitamwota nani? Akasema, "Feni haijaingia humu nikiwa na nguvu zangu, haitaingia nikiwa sina." Nailoni ya dirishani nilipoishika tu, akaanza kulia. Mama yangu, ambaye mlango wa lori ulimwangukia mguuni akaomba tu chai.

Bwana Kesho naye anamwogopa. Nimwambie nini, Mjomba? Hewa anaihitaji. Sijui kuliandika hili kwa namna nyingine.

Mpwa wako

*

24 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Lori lilikwama kwenye tope, ndiyo maana nimechelewa. Huku tu wazima. Mpishi amegombana na msimamizi, sasa chakula kimekosa chumvi hadi wapatane.

Nimesoma uliyoandika kuhusu kitanda. Hapo sina la kuongeza.

Tuzungumze feni. Dada yangu hajakosea, sisi ndio tuliokuwa tunamweleza vibaya. Feni ya kawaida inavuta hewa nje, na chumba kikivutwa hewa, kila ufa unameza vumbi la barabarani. Hilo alilijua kwa kidole chake kabla sijalijua mimi kwa vitabu. Lakini hapa kwenye kituo cha umeme tuna chumba cha mitambo, na mitambo hiyo inachukia vumbi kuliko hata yeye. Walichofanya ni kuigeuza kazi ya feni. Haivuti, inasukuma. Wameiweka chini ukutani, mbele yake kuna sanduku lenye chujio la kitambaa kizito, hewa inapita humo inaacha uchafu wake, ndipo inaingia. Chumba kikijaa hewa safi, kila ufa unatema badala ya kumeza. Vumbi la nje linakosa pa kupenya. Nimeshinda humo na sijaona hata punje.

Basi fanya hivyo. Feni ikae chini, ukuta wa nyuma, uani, si upande wa barabara. Kata tundu la kutokea juu, ukuta wa mbele, liwe na vibao vya kuzuia mvua. Hewa iingie chini, itoke juu, ipite juu ya kitanda bila kumpiga mtu. Kama feni uliyonunua ni ndogo irudishe, chukua kubwa izungushwe polepole. Ndogo inapiga kelele kwa sababu inahangaika. Chujio lioshwe kila Jumamosi, likaushwe kivulini. Nailoni msiibandue kwa nguvu. Mwache aibandue mwenyewe.

Mwambie ni Shoti anasema. Mwambie ni yuleyule aliyechomeka msumari kwenye tundu la gereji akazima mtaa mzima, akachapwa, kisha kesho yake akanunuliwa bisibisi ya kupimia umeme akaambiwa, "Kama lazima ucheze nao, uwe unajua ulipo." Bisibisi hiyo ninayo mfukoni sasa hivi.

Mkataba unaisha Novemba. Novemba si mbali.

Na wewe, kikohozi hicho usikitanie. Hicho chumba cha kusugulia vioo bado kimezibwa?

Mjomba wako

*

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitaziandika mwisho nikikumbuka, leo nina mengi.

Nilimsomea mama barua yako, ile sehemu ya feni. Alisikiliza macho yamefumba. Nilipofika kwenye "kila ufa unatema badala ya kumeza", akafumbua. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaniambia nimwite Bwana Kesho, na Bwana Kesho, Mungu ambariki, akaja siku ileile na nyundo yake. Ulitoboka ukuta wa nyuma, ukatoboka wa mbele, sanduku la chujio nililitengeneza mimi kwa vipimo vyangu. Feni ikawashwa. Haisikiki. Unaweka mkono juu kwenye tundu la kutokea ndipo unajua kwamba inafanya kazi.

Lakini unamjua dada yako. Akasema maneno hayatoshi, anataka kuona. Akaniagiza kipande cha bati, ukubwa wa sahani, na rangi kidogo ya kijani iliyobaki kwenye pikapu ya mwalimu. Nikakataa, tukagombana, nikashindwa. Nikamhamishia sebuleni na mashine yake kwa sababu ya harufu, akalipaka pale mlangoni, akiwa amekaa, kitambaa puani, kwa brashi. Mkono unatetemeka, Mjomba, lakini ukigusa bati unatulia. Nikalipeleka gereji, nikaliweka juu ya kiti mbele ya feni kabisa, mahali pabaya kuliko pote, kama alivyoagiza. Likalala huko likikauka.

Asubuhi nikamletea. Akalishika kwa ncha za vidole kama anavyoshika siku zote, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Halafu akapitisha kidole, kutoka kona hii mpaka kona ile. Akarudia. Akasema, "Kumbe."

Alikaa na lile bati mapajani, na mimi nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Kumbe ilikuwa inawezekana. Miaka yote ile alivyojifungia na kunywa rangi ili mlango wa mtu usiwe na chunusi, kumbe kilichotakiwa ni feni kugeuzwa na kitambaa mbele yake. Alilijua hilo, na mimi niliona kwamba amelijua. Kisha akasema, "Hili usimwambie Shoti. Atajilaumu kwamba hakulijua mapema." Akaomba arudishwe gereji, apelekwe dirishani. Akabandua nailoni mwenyewe, polepole, ile tepu ya zamani ikitoka na rangi ya ukuta.

Mjomba, sasa navunja kiapo. Mungu atanisamehe, na kama hatanisamehe tutaonana naye hukohuko. Ni mapafu. Daktari alisema tangu Januari. Hayarudi. Mashine ile ni ya kumsaidia kupumua na sasa haizimwi mchana wala usiku. Simu anakata kwa sababu akizungumza maneno matatu pumzi inakwisha, na hataki uisikie ikiisha. Hakuna mtandao mbaya. Umekuwa unazungumza nami habari za waya, na mimi nimekuwa nazungumza nawe habari za waya, na mama anakwisha. Usiniambie Novemba. Njoo.

Mapacha wazima.

Mpwa wako

*

7 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye udongo, wenzangu wakaniacha.

Nilijua. Sitakudanganya wewe uliyevunja kiapo kwa ajili yangu. Nilijua tangu swichi ya gotini. Mimi nimewafungia watu umeme miaka mingi, na mtu ukitaka kujua hali yake mwulize swichi anaitaka wapi. Mwenye mtoto anaitaka juu. Mwoga anaitaka karibu na mlango. Anayeitaka usawa wa goti hatasimama tena. Na taa isimpige machoni anayelala chali, na tundu lisilozimika. Nilichora hospitali, mpwa wangu, nikaiandika gereji. Nilichora mara tatu ili mistari inyooke, na kila nilipokuwa nachora nilijiambia kwamba maadamu kazi haijakwisha, naye hajakwisha. Niliogopa. Yule ndiye aliyenilea, sina mama mwingine ninayemkumbuka vizuri. Kama ningekuuliza ungenijibu, na ukinijibu ningelazimika kuja kuona. Basi nikakuuliza kama anakula.

Na ile nyani haoni kundule niliyomtumia, kama ulimsomea, nisamehe. Kama hukumsomea, usimsomee.

Nimekwenda kwa msimamizi. Kasema ningoje mtu wa kushika nafasi yangu. Nimemwambia nguzo hazina haraka. Amesema nikiondoka nisirudi, kisha jioni akaja hemani akasema nirudi nikimaliza, naye ana dada. Lori linashuka Alhamisi. Huenda nikafika kabla ya barua hii, maana mimi sina haja ya kupitia posta.

Mwambie nakuja. Mwambie asizungumze, aniwekee tu nafasi pale kando ya kitanda. Nitakaa tu. Nitasikiliza feni.

Shoti

*

3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umefika salama kambini na msimamizi ametimiza neno lake. Barua yako ya tarehe saba ilifika jana, baada ya wewe kuja na kuondoka. Niliisoma kama barua ya mtu mwingine. Ile ya nyani sikumsomea. Kwa hiyo lala usingizi.

Sikupata nafasi ya kukueleza mambo vizuri ulipokuwa hapa. Ulifika tumeshatoka kuzika, ukasimama mlangoni na mkoba wako. Watu wote walikuwa sebuleni wanakungoja, wewe ukaenda kwenye ubao wa umeme, ukafungua kifuniko, ukaanza kukaza skrubu moja baada ya nyingine. Bwana Kesho alikuwa amesimama nyuma yako kofia mkononi. Ukamwambia, "Umefanya kazi nzuri." Akatoka nje akalia kwenye kona ya jirani. Nilikuona ukigusa swichi ya gotini. Ulikaa kitandani, ukaiwasha, ukaizima, ukaiwasha. Nikafunga mlango.

Basi sikiliza. Siku mbili kabla mama hajaondoka umeme ulikatika mtaa mzima, mchana. Feni ikasimama, redio za majirani zikanyamaza, cherehani ya jirani ikanyamaza. Mashine yake ikaendelea. Akaisikiliza, akatabasamu, akasema, "Shoti huyo." Nilikuwa nimemwambia kwamba nimekuandikia uje. Nilimwambia nimevunja kiapo, nikangoja anigombeze, akasema tu, "Atapoteza kazi, mjinga yule," halafu akaniagiza nimchane nywele. Akawa anatazama barabarani kila lori likipita.

Alikwenda asubuhi, mwanga uko darini, feni inazunguka, mlango uko wazi. Hakuhangaika. Hewa haikumwishia, Mjomba, nataka ulijue hilo. Mwili ndio uliochoka.

Na kuna kitu alisema ukifika upewe, na siku ile nilitafuta gereji nzima sikukiona, nikaona haya kukuambia kwamba nimekipoteza. Wiki iliyopita nilipokwenda kuosha chujio nimekikuta nyuma ya sanduku la feni. Sijui alimtuma nani akiweke pale, pengine Bwana Kesho, ukimwuliza anatazama chini. Ni lile bati la kijani. Nimelifunga kwa magazeti, linakuja na barua hii. Maneno yake ni haya: "Mwambie kazi yake haina chunusi."

Sasa nina swali la fundi. Kitanda nimekirudisha juu. Mashine wameichukua wenyewe. Taa nimezima. Feni imenishinda. Kila jioni naweka mkono kwenye swichi yake na kila jioni nauondoa. Inazunguka chumbani hamna mtu. Bwana Kesho anasema itakufa bure, na umeme unakwenda. Niizime?

Mpwa wako

*

25 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Nimefika, kazi ipo, msimamizi ameacha kunipigia kelele kwa kuwa anaona huruma, natamani aanze tena. Mpishi na yeye wamepatana, chumvi imerudi. Wasalimie mapacha.

Bati limefika halijapata hata mkwaruzo. Nimelitundika juu ya kitanda changu hemani. Huku vumbi haliishi, limo kwenye chai, limo masikioni. Kila asubuhi nalifuta kwa kitambaa laini, kisha napitisha kidole kona hii mpaka kona ile, kama alivyofanya. Mara ya kwanza nililia, nasema wazi. Nilikuwa sijalia hapo kwenu, mikono ilikuwa na kazi. Nimelia kwa sababu nilikuwa Alhamisi moja nyuma yake. Nimelia pia kwa sababu ya ile kumbe. Alikataza nisiambiwe, lakini umefanya vizuri kuniambia.

Umeuliza feni uizime. Nakujibu kama fundi na kama mjomba.

Nilipokuwa hapo nililala chumba cha juu, na ukuta wenu ni mwembamba. Nilikusikia. Hicho si kikohozi cha msiba. Nilipita dukani kwenu pia, sikukuambia. Nilimwomba mwenzako anionyeshe chumba cha kusugulia vioo. Dirisha limezibwa kwa mbao, unga umekaa juu ya kila kitu, na meza yako iko kona ya ndani kabisa. Nikamwuliza mbona mmejifungia hivi? Akanijibu upepo unaangusha vioo. Nikatoka nje kwa sababu nilisikia sauti ya dada yangu.

Feni usiizime. Mwambie mwenye duka kazi ya kusugua utaifanyia nyumbani, akikataa mwambie aniandikie. Hamisha meza yako uiweke gereji, pale palipokuwa kitanda, upande wa kulia, mwanga wa dari utakutosha. Swichi ya gotini mwache Bwana Kesho aipandishe usawa wa kiwiko, wewe utakuwa umesimama. Ukisugua kioo, kilowanishe maji, na kitambaa puani usione haya. Ile nafasi ya juu ya kutolea hewa nimechora upya, kubwa zaidi, mchoro umo ndani. Safari hii ni gereji kweli. Sikuchora kingine.

Na Jumapili nitapanda kilimani kupiga simu. Usinijibu nzuri, hawajambo, ukakata. Nieleze habari za mapacha, za Bwana Kesho, za kila kioo ulichokata juma zima, kwa kirefu, usikatize. Usiniambie mtandao mbaya. Nitakuwa nasikiliza pumzi yako.

Mjomba wako
Shoti